Sijambo Yako Naijua, Mwanangu

Mwanangu, sogeza mkeka kivulini ukae. Hizo kunde zitachambuka tu, hazina haraka, na mimi haraka nilikwisha kunyang'anywa zamani. Mama yako kanipigia simu usiku wa juzi. Kaniambia kadi yako ya sindano kaikuta chini ya godoro, na mara ya mwisho ulichomwa mwezi wa pili. Sasa tuko mwezi wa tisa. Nikamwambia asikugombeze, akulete Tanga, nitasema nawe mimi. Wala sikukuita kukugombeza. Nguvu za kugomba sina. Nikigomba dakika tano nakaa kitako nusu saa, halafu wewe ndiye utakayenionea huruma, na maneno yangu yote yatakuwa yamepotea.

Ulipofika mlangoni umeniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikakuuliza hujambo, ukanijibu sijambo. Umejibu upesi, kabla sijamaliza kuuliza. Hiyo sijambo ndiyo niliyokuitia.

Sisi tumelelewa hivyo. Mtu kafiwa, unampa pole, anakwambia nimeshapoa, na maiti bado hajatolewa ndani. Unamuuliza habari za nyumbani anasema nzuri, halafu ndipo anasema lakini, na baada ya hiyo lakini unasikia paa limeezuliwa na mtoto kalazwa. Ni adabu njema, siikatai, nimeifundisha darasani miaka thelathini. Ila mbele ya daktari wa moyo adabu hiyo iache nje pamoja na viatu. Mimi nilimjibu daktari sijambo miaka na miaka, naye, maskini, alikuwa na wagonjwa arobaini wanaomngoja kwenye benchi. Akaandika alichoambiwa.

Litazame neno lenyewe. Anayesema sijambo anasema hana jambo. Na wewe jambo unalo. Limekaa kushoto kifuani mwako, lina mapazia mawili membamba, na hufunguka na kufungwa kama mara laki moja kila siku, umelala au umeamka, umekumbuka kadi au umeificha chini ya godoro.

Moyo una milango minne. Hospitali wanaiita valvu. Mitatu ina mapazia matatu matatu, huu wako una mawili, nao hupitisha damu iliyotoka mapafuni iingie kwenye chumba kinachoisukuma kwenda mwilini kote. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo hufunguka eneo la sentimita za mraba 4 mpaka 6. Fikiria karibu sarafu ya shilingi mia. Ukikaza ukafika 1.5, wanakwambia umekaza vibaya. Tazama ukucha wa kidole gumba chako, una vidole vyembamba kama vya baba yako: ndio hapo. Kipimo chako cha eko cha mwaka juzi kilisoma 2.1. Nakikumbuka kuliko unavyokikumbuka wewe. Wangu, walipoupima mwaka 1999, ulikuwa 0.8. Hiyo angalia ukucha wa kidole cha mwisho.

Vipi mlango unakuwa hivyo, ulielezwa ukiwa na miaka kumi na minne, siku zile magoti yalipokuvimba, lakini mtoto wa miaka kumi na minne husikia nusu. Mtoto anaumwa koo. Nyumbani wanampa maji ya chumvi asukutue, linapoa. Mwili umeunda askari wa kuwapiga vijidudu wa koo lile, na askari hao wakishawamaliza, kwa watoto wengine hugeukia wenyeji. Hupiga goti la kulia, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo, ndiyo maana bibi yangu mwaka 1970 alinifunga majani magotini akasema ni baridi yabisi, na magoti yakapona, akasifiwa kwa dawa yake. Magoti hupona hata usipoyafunga. Moyo haujui kupona namna hiyo, unabaki na kovu. Likija koo jingine, askari wale wale wanarudi njia ile ile, kovu juu ya kovu, kingo za mapazia zinagandana, mapazia yanakakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani.

Sindano haiondoi kovu. Ulimwambia mama yako kuwa umechomwa miaka saba na kipimo hakijawa kizuri, basi faida yake nini. Faida yake ni koo ambalo hukuugua. Hutaliona, kwa sababu halikuja. Mlinzi wa usiku naye ukimuuliza amefanya nini mwaka mzima, atakwambia hakuna kilichoibwa.

Najua inauma. Dawa nyeupe, nzito kama mtindi, sindano yake nene, na siku mbili unakalia tako moja daladalani. Mwambie muuguzi aichanganye na ganzi kidogo, ipo, wengine hawasemi mpaka uulize. Kichupa kishikwe kiganjani kipate joto kabla. Usiende na njaa, kunywa maji, ulale kitandani wakati wa kuchomwa, usisimame ukaegemea meza kama mwanajeshi. Kila wiki nne. Mwenye mlango ulioguswa kama wewe huambiwa aendelee mpaka afike miaka 40 hivi, na wengine maisha yao yote. Mwaka 2018 mataifa yote yalikutana Geneva kwenye mkutano wao wa afya yakapitisha azimio juu ya ugonjwa huu wetu. Nilifurahi kusikia tumetajwa. Lakini azimio halichomi mtu sindano, mwanangu. Anayechoma ni yule muuguzi wa pale kwenu, na hawezi kukufuata chini ya godoro.

Sasa nikwambie habari za Lushoto, maana hizo baba yako hazijui.

Mwaka 1980, nilipopimwa afya ili niingie chuo cha ualimu, daktari aliweka chombo kifuani akakiacha hapo muda mrefu kuliko kawaida. Akasema moyo una sauti. Nikapewa kadi kama yako. Nilichomwa miaka miwili, nikaona sina ninachoumwa, nikaacha. Nilikuwa na umri wako. Mwaka 1983 nikapangiwa shule moja juu ya Lushoto, barabara iko chini na shule iko juu, na kati yake kuna njia ya miguu inayopanda kama ngazi ya mnazi. Mwaka wa kwanza nilipanda na madaftari arobaini mkononi nikiimba. Mwaka wa pili madaftari nikawa nampa mwanafunzi abebe. Mwalimu kubebewa madaftari ni heshima, nani angeshangaa? Mwaka wa nne nikagundua kuwa pale katikati pana mti, na chini ya mti unaiona nyika yote mpaka inapopotelea kwenye vumbi. Nikawa nasimama hapo. Wenzangu wakisema twende, nawaambia tangulieni, mimi napenda kutazama. Nikajulikana kwa hilo, mwalimu anayependa mandhari. Mwaka wa sita nikawa natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nipande polepole pasipo mtu wa kunipita. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya wazazi akanisifu kwa kuwahi kazini. Nikapigiwa makofi! Mwaka wa nane nikaandika barua ya kuomba uhamisho kuja huku Tanga, kwenye tambarare. Sababu niliyoandika: baridi ya milimani hainifai.

Na katika miaka yote minane, hapakuwa na siku hata moja niliyojiona mgonjwa. Kila siku ilifanana na jana yake. Hata leo ningeapa kwamba sikumdanganya daktari niliposema sijambo, kwa sababu niliyokuwa siyawezi nilikuwa nimekwisha kuyaacha, na anayeyaacha mambo kwa hiari yake, kama anavyodhani, hana la kulalamikia. Mlango ulikuwa ukikaza kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, na mimi nikawa napunguza maisha yangu yaenee humo. Nilikuwa fundi hodari wa kupunguza. Niliacha kuchota maji mwenyewe nikasema nimepata msichana wa kazi. Niliacha ngoma za harusi nikasema umri umekwenda, na nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kwenye sala nikawa nakaa kitako kirefu baina ya sijida mbili nikitafuta pumzi, majirani wakanong'ona kwamba mwalimu amezidi ucha Mungu.

Mwaka 1997 nikakohoa damu. Sitataja ni hospitali gani, wala waliokuwa pale hawakunifanyia ubaya kusudi. Mtu akikohoa damu nchi hii, cha kwanza ni kifua kikuu. Nikanywa dawa za kifua kikuu miezi minne, makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu. Damu isiyopita mlangoni hungoja nyuma, chumba cha nyuma kinatanuka, nyuma ya chumba ni mapafu, na mapafu yanaloa. Nilikuwa nalala na mito mitatu. Nikilala chali naamka usiku wa manane kama mtu aliyetolewa baharini, nakwenda kukaa dirishani mpaka adhana ya alfajiri. Alikuja daktari kijana, ndio kwanza ametoka chuo, hakuniuliza hujambo. Aliniuliza hivi: mwaka juzi ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hufanyi? Nikaanza kumtajia. Nilitaja, nikataja, nikasikia sauti yangu mwenyewe inayataja, nikanyamaza katikati.

Swali lile nimelibeba mpaka leo. Ukinisahau mimi, lile usilisahau.

Siku hizo wagonjwa wa moyo waliobahatika walipelekwa India. Nilikwenda 1999. Hawakunifungua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni, mwisho wa mrija pana puto, puto likafika kwenye mlango wakalijaza, mapazia yakaachana. Puto hilo ni ubunifu wa daktari wa Kijapani, Kanji Inoue, habari zake za kwanza zilitangazwa 1984, mwaka ambao mimi nilikuwa nimeanza kubebewa madaftari. Baada ya siku mbili nikapanda ngazi za hospitali, ghorofa nzima, nikafika juu sijasimama. Nikakaa pale juu nikalia mpaka mfagizi akaja kuniuliza kwa Kihindi. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa watu hupanda ngazi hivyo.

Puto hukupa miaka, halikupi mlango mpya. Wangu ulikaza tena. Mwaka 2016 nikafunguliwa kifua Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambayo ilikuwa imeanza kujitegemea mwaka mmoja tu nyuma. Wakaweka mlango wa chuma. Usiku kukiwa kimya unasikika, tik, tik. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hawezi tena kulala kukiwa hakuna kelele hiyo.

Chuma nacho kina kodi yake. Damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hiyo nameza wafarini kila jioni, na kila mwezi napimwa kuganda kwa damu. Mimi natakiwa nisome kati ya 2.5 na 3.5. Pungufu ya hapo donge la damu laweza kupanda kichwani likaniletea kiharusi, na zaidi ya hapo natoka damu hata kwa kupiga mswaki. Waliniambia mchicha na kisamvu vinapigana na dawa hiyo. Nikaviacha kabisa, nikawa mtu wa ugali na maharage, kipimo kikayumba vilevile, mpaka nikaelekezwa vizuri: kula mboga zako, ila kula kiasi kile kile wiki zote, usifunge siku kumi kisha ukala sufuria. Dawa za maumivu za kununua dukani sithubutu. Jirani akiniletea mizizi yake ya kusafisha damu naipokea kwa mikono miwili, namshukuru, naiweka juu ya kabati. Papa mkavu na ng'onda, vyakula vya kwetu, navinusa kwa jirani tu, kwa sababu ya chumvi. Ramadhani silishi tumbo langu njaa, nalisha maskini, nimetoa fidia miaka yote hii. Na vidonge vya kukojosha nameza baada ya kurudi safari, kamwe si kabla ya kupanda basi la Dar. Hilo nilijifunza karibu na Segera, na sitakusimulia.

Yote hayo si ya kwako leo. Wewe leo una sindano moja kila wiki nne na eko moja kwa mwaka. Nakutajia uone njia inakokwenda mtu akiacha lile dogo.

Tena hata mimi sijafika mwisho wa njia. Mlango wa pili, ule wa kutokea mshipa mkuu, umeanza kukaza. Daktari kasema bado, tutauangalia kila miezi sita. Mwanangu, kuangaliwa kunachosha kuliko kukatwa. Ukikatwa unauma, unapona, watu wanakuletea uji. Ukiangaliwa hakuna anayekuletea uji. Unarudi nyumbani na karatasi ile ile, huna ruhusa ya kuogopa wala ya kusahau, na watu wanakwambia mbona umenawiri. Kuna miezi ambayo natamani niichane hiyo karatasi niipeperushe baharini. Kwa hiyo najua kilichokufanya uifiche kadi. Haikuwa uvivu wala maumivu ya tako. Ulitaka miezi michache uwe msichana kama wenzako.

Ninachofanya mimi ni hiki. Nina daftari la mistari, lile pale chini ya redio. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi natembea kutoka getini mpaka duka la maziwa na kurudi, naandika nimesimama mara ngapi. Siandiki najisikiaje, kwa sababu najijua, nitaandika sijambo. Naandika nimesimama mara ngapi, nimelalia mito mingapi, viatu vimenibana miguu au havikunibana. Nikienda kliniki simsomei daktari mwezi huu na mwezi uliopita. Namsomea mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana. Mwaka jana nilisimama mara moja, mwaka huu tatu. Amelipiga picha kwa simu yake.

Na homa. Kila homa kwetu ni malaria mpaka ithibitike vingine. Wewe ukipata homa isiyoondoka siku kadhaa, usinywe dawa za kubahatisha. Nenda useme una ugonjwa wa valvu, wakutoe damu ya kuotesha kabla hawajakupa dawa, maana vijidudu hupenda kuota kwenye mlango wenye kovu. Baadhi yao huingilia mdomoni, kwenye jino bovu. Nenda ukalishughulikie lile jino lako la nyuma, nimekuona unatafunia upande mmoja tangu ufike.

Bado hili la mwisho, na nilitaka mama yako aende sokoni kwanza ndiyo nikuulize. Mchumba wako umemwambia?

Umenyamaza. Basi hajui.

Sikulaumu, nami nilimficha wangu mpaka nilipokohoa damu kwenye shuka lake. Lakini kuna hesabu ambayo lazima muifanye wawili kabla ya kupika pilau. Mwanamke akibeba mimba, damu yake huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na yote hiyo lazima ipite kwenye mlango ule ule. Wenye 2.1 wengi huvuka salama wakiwa mikononi mwa watu wa moyo na wa uzazi pamoja. Mwenye mlango uliokaza vibaya hushauriwa apanuliwe kwa puto kwanza, azae baadaye. Sasa 2.1 yako ni ya mwaka juzi, kabla ya miezi saba isiyo na sindano. Leo ni ngapi? Hujui, mimi sijui, na yule kijana anayeshona suti hajui hata kama kuna cha kujua. Mimi ndiye niliyezaa mmoja tu, na kwa shida ambayo wakunga walidhani ni pumu. Ukiogopa kumwambia peke yako, mlete hapa. Nitamwambia mimi, nitamwonyesha na kovu. Akikimbia kwa ajili ya kovu la mwanamke mzee, tutakuwa tumeokoa pesa ya ukumbi.

Hizo kunde zinatosha, ziloweke. Kesho ni Jumatano, kliniki inafungua saa mbili. Sitaki twende na bajaji, twende kwa miguu mpaka kituoni, njia ya msikitini, ile yenye kamwinuko. Mimi husimama chini ya mwarobaini, huwa nasema namsalimia muuza kahawa. Wewe tembea mwendo wako, usinisubiri, nikuone unapanda. Na kadi ibebe mkononi, usiiweke chini ya mkoba.